Tendo la ndoa wakati wa ujauzito: Uislamu na tiba vyasemaje?

Mwanamke anapopata ujauzito, maswali mengi huulizwa nyumbani kwake: ale nini, aache kazi gani, ajifungulie wapi. Swali moja huachwa nyuma kwa sababu ya haya: je, mume na mke waendelee na tendo la ndoa, au wajitenge hadi mtoto azaliwe? Kwa Waislamu wa Bujumbura, kuanzia Buyenzi na Bwiza hadi Kinama, swali hilo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa sharia: ni halali? Upande wa pili ni wa afya: ni salama?

Majibu ya pande hizo yanakaribiana kuliko wengi wanavyodhani. Mimba peke yake haiharamishi tendo la ndoa, wala hailifanyi kuwa la hatari. Kinachobadilisha hukumu ni madhara, na madhara hujulikana kwa kuangalia hali ya mama na kusikiliza kauli ya daktari au mkunga.

Asili ya jambo ni halali

Katika fiqhi, mambo ya ndoa huanzia kwenye uhalali mpaka upatikane ushahidi wa kukataza. Kurani imetaja nyakati ambazo mume hamwendei mkewe: mchana wa Ramadhani kwa waliofunga, siku za hedhi na hali ya ihramu ya Hija. Sunna na makubaliano ya wanazuoni vikaongeza siku za nifasi, yaani damu ya uzazi. Mimba haimo katika orodha hiyo.

Sura ya Al-Aaraf, aya ya 189, inaeleza jinsi mwanamke anavyobeba mimba nyepesi, akatembea nayo, kisha ikawa nzito, na wazazi wote wawili wakamwomba Mwenyezi Mungu awape mtoto mwema. Sura ya Luqman, aya ya 14, nayo inakumbusha kwamba mama hubeba mimba katika udhaifu juu ya udhaifu. Aya hizi mbili zikisomwa pamoja, mimba haionekani kuwa uchafu wala laana inayomtenga mke na mumewe. Inaonekana kuwa hali ya uzito inayodai upole. Ndiyo maana wanazuoni huiunganisha na amri ya kuishi na wake kwa wema, iliyomo katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 19.

Hofu ya zamani na jawabu la Mtume

Hofu ya kwamba tendo la ndoa humdhuru mtoto haikuanza Afrika Mashariki. Waarabu wa zamani waliogopa jambo waliloliita ghila, yaani mume kumwingilia mke anayenyonyesha. Baadhi ya wanazuoni wa lugha wamelieleza neno hilo kuwa ni mke kunyonyesha ilhali ana mimba. Watu waliamini kwamba mtoto angedhoofika, na udhaifu huo ungemfuata hata akiwa mtu mzima.

Katika Sahihi Muslim, sahaba wa kike Judama bint Wahb amepokea kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alikusudia kuikataza ghila, kisha akaona kwamba Warumi na Wafursi wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Kwa hiyo hakuikataza. Riwaya nyingine katika kitabu hicho hicho inamtaja mtu aliyekuwa akijizuia kumwaga ndani kwa kuhofia mtoto wake. Mtume akamjibu kwa hoja ile ile ya Warumi na Wafursi.

Ipo pia riwaya ya Asma bint Yazid katika Sunan ya Abu Daud inayotahadharisha juu ya ghila. Wanazuoni wengi wamezioanisha riwaya hizi kwa kusema kwamba ile ya tahadhari haifikii kiwango cha kuharamisha.

Hadithi ya Judama ina fundisho zaidi ya hukumu yake. Hoja iliyotumika ni uzoefu wa watu: iliangaliwa hali ya watoto wa mataifa mengine, ikaonekana kwamba madhara yaliyohofiwa hayapo. Njia hiyo ya kuangalia na kulinganisha ndiyo inayotumiwa na tiba ya leo.

Katika nchi jirani ya Tanzania, hofu ya namna hii inajulikana kwa jina la kubemenda: mtoto anayenyonya hudhoofika au kuchelewa kutembea, na wazazi wakashutumiwa kwamba wamekutana kimwili, au kwamba mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Tiba haikubaliani na maelezo hayo. Mtoto anayedhoofika huwa na sababu nyingine, kama vile lishe duni, kuachishwa ziwa ghafla, kuharisha, malaria, kifua kikuu au maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kupelekwa kituo cha afya haraka. Kuwashutumu wazazi wake hakumponyi.

Mtoto analindwaje tumboni

Kwa mimba isiyo na matatizo, madaktari wa uzazi wanakubaliana kwamba tendo la ndoa ni salama tangu mwanzo hadi karibu na kujifungua. Sababu iko katika maumbile. Mtoto yumo ndani ya mfuko wa uzazi wenye misuli minene, akielea katika maji ndani ya chupa ya uzazi. Mlango wa kizazi umefungwa, na ute mzito umeuziba ili vijidudu visipande juu. Uume hauingii ndani ya mfuko huo na haumfikii mtoto.

Mama anapofika kileleni, tumbo linaweza kukaza kwa muda mfupi. Mara nyingi hali hiyo hupita yenyewe na si uchungu wa kuzaa. Kukaza kukiendelea, kukaongezeka au kukaandamana na damu au maji, jambo limebadilika na mama apelekwe kwa wahudumu wa afya.

Wengi huogopa miezi mitatu ya kwanza kwa kuwa ndiyo yenye visa vingi vya mimba kutoka. Ni kweli kwamba mimba nyingi zinazotoka hutoka katika kipindi hicho, lakini sehemu kubwa husababishwa na kasoro za kromosomu zilizotokea tangu kutungwa kwa mimba. Mwanamke aliyepoteza mimba baada ya kukutana na mumewe hapaswi kubebeshwa lawama, na mumewe pia hapaswi kubebeshwa lawama hiyo.

Mwili hubadilika, na hamu hubadilika

Katika miezi mitatu ya mwanzo, kichefuchefu, uchovu na maumivu ya matiti huweza kumwondolea mama hamu kabisa. Katika miezi mitatu ya katikati wanawake wengi hupata nafuu, na baadhi yao huongezeka hamu. Katika miezi ya mwisho tumbo huwa kubwa, usingizi hupungua na mgongo huuma. Hakuna kipimo kimoja kwa wote: yuko mke ambaye hamu yake haibadiliki, na yuko ambaye hataki kuguswa mpaka ajifungue. Mume anayeujua mpangilio huu hatadhani kwamba mkewe amemchoka.

Hamu ya mume pia inaweza kupungua. Wapo wanaoogopa kumuumiza mtoto, na wapo wanaoona tabu kumkaribia mke ambaye sasa ni mama. Mke anayenyamaziwa anaweza kudhani kwamba amechukiza. Jambo hilo huondolewa kwa mazungumzo.

Kuhusu namna ya kukutana, Sura ya Al-Baqara, aya ya 223, imewapa wanandoa nafasi, mradi iwe katika njia ya uzazi. Kuingilia kwa nyuma ni haramu wakati wote kwa kauli ya wanazuoni wengi mno, na kitabibu kunaweza kuhamisha vijidudu kwenye njia ya uzazi. Tumbo likiwa kubwa, kulala ubavu au mke kuwa juu humwondolea uzito. Kuanzia katikati ya mimba, kulala chali kwa muda mrefu kunaweza kubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, mama akahisi kizunguzungu.

Wakati wa kujizuia

Zipo hali ambazo madaktari huwataka wanandoa wajizuie, kwa muda au hadi kujifungua. Miongoni mwake ni:

Damu kutoka ukeni, hata ikiwa kidogo na bila maumivu, mpaka sababu yake ijulikane.

Kondo la nyuma kukaa chini na kuziba njia ya mtoto. Hali hii huonekana kwa kipimo cha picha, na kuingiliana kunaweza kuanzisha kutokwa na damu nyingi.

Chupa ya uzazi kupasuka au maji kuvuja, kwa sababu kinga ya mtoto dhidi ya vijidudu imeondoka.

Dalili za uchungu kabla ya wakati, au historia ya kujifungua mapema, kama daktari ataona hivyo.

Mlango wa kizazi kuwa dhaifu au kuanza kufunguka, au kushonwa ili mimba isitoke.

Mimba ya pacha au watoto zaidi pia inahitaji ushauri wa daktari. Katazo likitolewa, ni vizuri kuuliza mambo mawili: litadumu kwa muda gani, na je, linahusu kuingiliana tu au kila kinachomfikisha mama kileleni? Bila maswali hayo, baadhi ya wanandoa huacha hata kulala kitanda kimoja bila sababu, na wengine hurudia mapema mno.

Kisharia, katazo la namna hii lina uzito. Hadithi maarufu inayosema kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana ni mojawapo ya nguzo za fiqhi. Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, inakataza watu kujitupa katika maangamizi kwa mikono yao, na Sura ya An-Nahl, aya ya 43, inaagiza kuwauliza wenye ujuzi kwa lile lisilojulikana. Daktari mjuzi na mwaminifu akithibitisha kwamba tendo hilo litamdhuru mama au mtoto, mume hana ruhusa ya kuling'ang'ania.

Kujizuia huko hakuondoi mapenzi. Kuhusu siku za hedhi, Bi Aisha amesimulia jinsi Mtume alivyokuwa akimkumbatia akiwa amevaa shuka yake. Ukaribu, maneno mazuri na kulala pamoja vina nafasi katika miezi ya mimba pia.

Damu ya mjamzito katika fiqhi

Je, damu inayotoka wakati wa mimba ni hedhi? Madhehebu yametofautiana. Wafuasi wa Abu Hanifa na Ahmad wanaona kwamba mjamzito hapati hedhi, hivyo damu hiyo ni ya maradhi, istihadha. Imam Malik, pamoja na kauli inayotegemewa katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika Afrika Mashariki, wanaona kwamba damu ikitimiza sifa za hedhi huhesabiwa kuwa hedhi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sala na saumu, na mama anaweza kumwuliza sheikh anayemwamini. Katika suala la tendo la ndoa njia ni moja: damu ikionekana, wanandoa wasimame na mama aende hospitalini. Kusubiri jibu la fiqhi kusimcheleweshe kufika kwa mganga, kwani damu wakati wa mimba inaweza kuhatarisha maisha ndani ya saa chache.

Haki ya mume na udhuru wa mke

Katika baadhi ya ndoa, hadithi inayomwonya mke anayekataa kitanda cha mumewe hutajwa ili kumnyamazisha. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini wanazuoni hawakuifasiri bila masharti. Onyo linamhusu asiye na udhuru. Vitabu vya fiqhi vimeeleza kwamba mume ana haki hiyo maadamu hamdhuru mkewe wala hamzuii kutekeleza faradhi. Maradhi ni udhuru. Maumivu, kutapika kusikokoma na katazo la daktari vinaingia humo.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba mume aanze kwa maneno ya upole na asimwache mkewe kabla naye hajatosheka. Ikiwa hayo ni adabu katika siku za kawaida, katika siku za mimba yana haja zaidi.

Mke naye ana wajibu wa kusema. Akisema tu kwamba hataki, bila kueleza kwamba anaumia au anaogopa, mume anaweza kuelewa vingine.

Ramadhani na josho

Mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani. Ruhusa hiyo ni yake, si ya mumewe aliyefunga. Mume akimwingilia mchana kwa makusudi, saumu yake inaharibika, na juu yake kuna kulipa siku hiyo pamoja na kafara: kufunga miezi 2 mfululizo, na asiyeweza kulisha masikini 60. Usiku wa Ramadhani hauna katazo hilo.

Baada ya tendo la ndoa, josho la janaba ni wajibu kwa mjamzito kama kwa mwingine. Maji ya vuguvugu yanafaa. Mgonjwa aliyekatazwa kuoga, au aliyelazwa bila kuweza kuinuka, ana ruhusa ya tayamamu kwa mujibu wa Sura ya Al-Maida, aya ya 6.

Maradhi yanayoingia kwa njia ya ndoa

Hatari kubwa zaidi wakati wa mimba huenda isitoke katika tendo lenyewe, bali katika maradhi yanayoambatana nalo. Mama akiambukizwa virusi vya UKIMWI akiwa mjamzito au akinyonyesha, virusi huwa vingi mwilini mwake katika majuma ya mwanzo, na uwezekano wa kumwambukiza mtoto huwa mkubwa. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni au kumzalisha akiwa na kasoro. Kaswende hutibiwa kwa penisilini, na dawa za kupunguza makali ya virusi humkinga mtoto zikianzwa mapema na kutumiwa vizuri.

Hapa ndipo hofu isiyo na msingi inapoleta madhara ya kweli. Mume aliyeambiwa kwamba mkewe haguswi kwa miezi 9 anaweza kutafuta nje, kisha akarudi na maradhi. Zina ni haramu kwa hali yoyote, na katazo la uzushi halimhalalishii. Hata hivyo, familia inayowatenganisha wanandoa bila sababu ya kitabibu wala ya kisharia inafaa ijue inafungua mlango gani. Mume mwenye shaka juu ya afya yake apimwe, na mpaka majibu yatoke atumie kondomu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameiruhusu kwa wanandoa kwa kuipima na azili, ambayo masahaba waliitumia.

Imani nyingine zilizoenea

Ipo imani kwamba mtoto akizaliwa na utando mweupe mwilini, wazazi wake walikutana siku za mwisho, na kwamba utando huo ni mbegu za mume. Si kweli. Utando huo hutengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe, na huilinda dhidi ya maji aliyomo. Mbegu za mume hazifiki alipo. Mama hana sababu ya kuaibishwa chumbani mwa kujifungulia.

Wengine huamini kinyume chake: kwamba mume lazima amwendee mkewe mwezi wa mwisho ili kufungua njia. Mbegu za kiume zina kemikali ziitwazo prostaglandini, na dawa za jamii hiyo hutumiwa hospitalini kulainisha mlango wa kizazi. Hata hivyo tafiti hazijathibitisha kwamba tendo la ndoa huanzisha uchungu. Mama aliyechoka asilazimishwe kwa hoja hiyo. Vilevile mbegu hizo hazimlishi mtoto: chakula chake humfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu.

Baada ya kujifungua

Katika madhehebu ya Shafi nifasi kwa kawaida ni siku 40, na mwisho wake ni siku 60. Damu ikikatika kabla ya hapo, mama huoga, husali na huwa halali kwa mumewe. Halali hiyo haina maana ya haraka. Madaktari hushauri kusubiri mpaka damu ikome na majeraha yapone, jambo ambalo kwa wengi huchukua majuma 4 hadi 6, na zaidi kwa aliyechanika sana au kufanyiwa upasuaji.

Mimba nyingine inaweza kushika hata kabla ya hedhi kurudi. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine. Muda huo unalingana na miaka 2 ya kunyonyesha iliyotajwa katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233.

Haya isizuie swali

Umm Sulaym alimwendea Mtume akamwuliza kuhusu josho la mwanamke aliyeota ndoto ya janaba, akitanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haioneei haya haki. Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Kinachokatazwa ni kutangaza siri za kitanda barazani. Kumweleza mkunga au daktari kwa ajili ya afya hakumo katika katazo hilo. Mama anayependa kuhudumiwa na mwanamke anaweza kuomba hivyo, na asipopatikana, dharura ina hukumu yake.

Tangu mwaka 2006, kujifungua katika vituo vya afya vya umma nchini Burundi ni bure, pamoja na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5. Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8, mara ya kwanza ikiwa ndani ya majuma 12. Ziara hiyo ya kwanza, ambayo wengi mjini huiita CPN, ndiyo mahali pa kupimwa damu, na inafaa mume aandamane na mkewe. Hapo ndipo pa kuuliza pia kama mimba hii ina jambo linalowazuia kukutana. Jibu la mhudumu aliyempima mama lina uzito kuliko uvumi wa mtaani, na sharia imewaagiza walisikilize.